Mnunuzi Aliyekatazwa Kupatana Bei

Kila mama aendaye sokoni ajua kupatana bei. Yafaa basi tujifunze jinsi serikali ya nchi tajiri ilivyokatazwa kufanya jambo hilo jepesi.

Marekani ina Medicare, bima ya serikali kwa wazee na baadhi ya walemavu. Mwaka 2003 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasaidia watu hao kupata dawa, lakini ndani yake likaweka katazo: serikali isijadiliane bei na watengenezaji. Na huku idara ya askari wastaafu, katika nchi ile ile, ilikuwa tayari ikipatana bei ya dawa zake.

Sababu ni nini? Makampuni ya dawa hutoa fedha nyingi kuwashawishi wabunge na kuchangia uchaguzi wao. Billy Tauzin, mbunge aliyeshiriki kuitunga sheria ile, mwaka 2005 akawa mkuu wa chama cha makampuni hayo. Hatusemi kwamba alivunja sheria. Twasema mlango ulikuwa wazi.

Fundisho ni hili: faida ya wachache ni kubwa, nao hukesha kuilinda, hasara ya wengi hugawanyika vipande vidogo, nao husinzia. Ndiyo maana katazo lile lilidumu karibu miaka 20. Sheria ya mwaka 2022 ililegeza, na bei mpya za dawa 10 za kwanza zikaanza Januari 2026.

Basi mpiga kura asiridhike kumwuliza mgombea atafanya nini. Amwulize pia ni nani amlipiaye gharama.