Mpeleke Mbwa Darasani, Nawe Ubaki Naye

Katika nyumba nyingi za mjini, mbwa yuko bandani mchana kutwa, usiku anafunguliwa alinde, alfajiri anarudishwa. Chakula anapewa na mlinzi au dada wa kazi. Mwenye mbwa anaonekana akitoka na gari na akirudi nalo. Ikiwa ndivyo mnavyoishi, na unatamani mbwa wako akujue zaidi ya anavyoijua honi yako, darasa la mafunzo ni pazuri sana pa kuanzia. Zingatia haya.

1. Nenda wewe mwenyewe.
Hili ndilo kubwa kuliko yote. Wako wakufunzi wanaomchukua mbwa, wakakaa naye wiki kadhaa, kisha wakamrudisha akijua kuketi, kulala na kutembea ubavuni mwa mtu. Kwa mbwa wa nyumbani siipendekezi huduma hiyo. Saa zote zile za kupewa nyama, kusifiwa na kuvumiliwa hadi aelewe amezipitisha na mtu mwingine, na imani aliyoijenga ni kwa mtu huyo. Akirudi kwako atatii siku mbili tatu kisha ataanza kulegea, maana wewe hujui ishara alizozoea wala wakati wa kumpongeza. Tafuta darasa ambalo kamba inashikwa na wewe, na mwalimu anakusahihisha wewe: sauti yako, mahali unaposimama, jinsi unavyoivuta kamba bila kujua.

2. Anza mapema, chanjo ikitangulia.
Mtoto wa mbwa hujifunza kuuzoea ulimwengu zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi ya maisha yake. Anayefungiwa bandani hadi afikishe miezi sita hukua akiogopa pikipiki, mwavuli, watoto wanaokimbia. Anaweza kuanza darasa akiwa na wiki saba au nane, mradi siku saba zimepita tangu chanjo ya kwanza na aendelee na zinazofuata kwa ratiba. Chanjo ya kichaa cha mbwa huja akiwa na miezi mitatu hivi. Daktari wa mifugo atakupangia tarehe. Uliza pia kama kila mbwa wa darasa hilo amechanjwa, na kama uwanja una uzio. Virusi vya parvo hukaa ardhini muda mrefu, kwa hiyo mahali wanapopita mbwa wanaorandaranda hapafai kwa mtoto.

3. Kwanza nenda bila mbwa, ukatazame.
Kaa pembeni uangalie mbwa walioko darasani. Je, mikia imelegea inacheza, au imebanwa tumboni? Mwalimu anashika nini mkononi, chakula au fimbo? Ukiona mnyororo wa kukaba shingo unavutwa kwa nguvu kila mbwa anapokosea, shukuru uondoke. Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti kuhusu mbwa 92 kutoka shule za mafunzo. Waliotoka shule zinazotegemea adhabu walionyesha dalili nyingi zaidi za msongo wakati wa masomo, na homoni ya kortisoli kwenye mate yao ilipanda zaidi baada ya darasa. Mbwa wa namna hiyo anaweza kutii vizuri tu. Lakini utii wa hofu sio uliokupeleka pale.

4. Beba maini.
Yachemshe, yakate vipande vidogo vya ukubwa wa punje ya maharage, yaweke mfukoni ndani ya mfuko wa plastiki. Dagaa wakavu wasio na chumvi nao wanafaa. Kinachohesabika ni wakati: zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili baada ya tendo. Ukichelewa, mbwa ameshainuka, na wewe unamlipa kwa kuinuka. Chokoleti na vitunguu usimpe kamwe, ni sumu kwake.

5. Nyumba nzima itumie neno moja.
Baba anasema “kaa”, watoto wanasema “keti”, mlinzi anasema “chini”, halafu mbwa anaitwa mjinga. Kubalianeni, na mfundisheni mlinzi pamoja na dada, kwa kuwa wao ndio wanaokuwa naye saa nyingi. Tena wapewe nafasi ya kuja darasani siku moja. Mbwa atatulia, nao watapungukiwa na woga.

6. “Njoo” iwe habari njema daima.
Usimwite mbwa ili umchape, umwogeshe au umfungie. Akigundua kwamba neno hilo linaishia bandani, ataanza kukuzunguka kwa mbali. Ukitaka kumfungia, mfuate alipo, au weka chakula chake bandani aingie mwenyewe. Na katikati ya mchezo mwite mara kadhaa, mpe ini, mwachie aendelee kucheza. Hata akichelewa kuja, akifika mpokee vizuri. Mbwa anayekuja akiitwa ndiye unayeweza kumwokoa lango likiachwa wazi.

7. Mlipe akikutazama.
Darasani mara nyingi hili ni miongoni mwa mazoezi ya kwanza, na watu huliona dogo. Unasimama kimya, mbwa akiinua macho yakutane na yako, unamsifu na kumpa kipande. Mwaka 2015 wanasayansi wa Japani, Miho Nagasawa na wenzake, waliripoti kwamba mbwa na mwenyewe wanapotazamana kwa muda, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili. Ndiyo homoni inayohusika na upendo wa mama na mtoto. Mbwa mwitu waliolelewa na watu hawakuonyesha jambo hilo. Lakini usimkazie macho mbwa usiyemjua. Yeye ataona ni vitisho.

8. Dakika tano nyumbani.
Mara mbili kwa siku, kabla ya chakula, njaa ikiwa bado ipo. Inatosha.

9. Mtoe nje ya uwanja.
Mbwa anayeketi vizuri darasani anaweza kusahau yote akikutana na mbuzi. Rudia masomo getini, kisha barabarani asubuhi kabla watu hawajawa wengi. Wakazi wa Nairobi wana Msitu wa Karura, ambako mbwa huruhusiwa kuingia akiwa kwenye kamba. Njiani mfupishie kamba kila mnapopishana na mtu: wengi waliwahi kuumwa, na jirani Mwislamu hataki mate ya mbwa yaguse nguo yake anayoswalia.

10. Akipiga miayo, pumzikeni.
Miayo ya mfululizo, kujilamba midomo bila chakula, kugeuza uso pembeni: hizo ni dalili kwamba amelemewa. Mwambie mwalimu, msogee mbali na wenzake, umwombe kitu kimoja anachokijua vizuri, umlipe, kisha mwende nyumbani hata kama darasa halijaisha.