Somo la Mwezi: Picha ya Mwanamke Katika Matangazo

Somo letu twalianza penye machimbo ya dhahabu ya Geita, kule Rwamgasa na Nyarugusu. Huko wako wanawake waketio juani, nyundo mkononi, wakiponda mawe. Mikono hiyo hulisha nyumba na kuvalisha watoto.

Sasa na twende dukani, mjini Geita au Shinyanga. Juu ya makopo ya mafuta ya kujichubua iko picha ya mwanamke pia. Lakini huyu ana ngozi nyeupe, mabega wazi, na macho ya kuwaita wanaume. Wala mikono yake haishiki kazi yo yote. Picha hiyo yafundisha kimya kimya mambo matatu: ya kwamba weusi ni aibu, ya kwamba nguvu si uzuri, na ya kwamba thamani ya mwanamke ni kutamaniwa. Kwanza yamtia aibu, kisha yamwuzia dawa ya aibu hiyo.

Na dawa yenyewe ni nini? Wachimbaji waijua zebaki, waitiayo karaini ili kunasa dhahabu. Basi, chumvi za zebaki hutiwa katika baadhi ya sabuni na mafuta hayo, maana huzuia ngozi isifanye rangi yake. Mara nyingi kopo halitaji jina lake. Nayo huharibu figo, na kwa mama mwenye mimba yaweza kudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo mataifa yalifanya Mkataba wa Minamata mwaka 2013, na Tanzania ikauridhia mwaka 2020. Mwaka 2023 yalikubaliana kwamba vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki vikome kufikia mwaka 2025.

Lakini sheria haiondoi aibu moyoni. Aliyeaminishwa ya kuwa ngozi yake ni kosa atanunua kwa siri. Kumbukeni ya kuwa Mithali 31 yamsifu mwanamke kwa nguvu za mikono yake. Nasi wanaume tusijitoe katika hukumu hii: tumsifupo bibi arusi kwa weupe wake, na binti zetu wanasikia, tumekuwa tangazo sisi wenyewe, tena lisilolipiwa hata senti moja.

Maswali ya kuzungumza:
1. Katika nyumba yako, binti husifiwa kwa jambo gani kwanza?
2. Mwanamke aliyekwisha kujichubua, twamcheka, au twamsaidia aache na kwenda hospitali?
3. Ni nani apataye faida mwanamke akijionea haya?