Somo la Afya: Baka Lisilouma

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya ukoma. Wapo watakaosema kwamba ugonjwa huo ulikwisha zamani. Umepungua sana, ni kweli, lakini haukwisha. Mwaka 2023 waligunduliwa wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 duniani, na huku kwetu kusini bado wapo.

Kwanza tukiri kosa letu. Mwaka 1989 tulikuwa tukifundisha darasa la tano. Mvulana mmoja, ambaye mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wenzake, alianza kuandika ovyo. Kalamu ilimponyoka. Tulimkaripia, tukamwandikisha upya, na siku moja tukamchapa. Mkononi, karibu na kiwiko, alikuwa na baka lililofifia. Wenzake waliliita choa, nasi tukakubali, kwa kuwa halikumwasha wala kumuuma. Msimu wa korosho ulipofika akaja shuleni na malengelenge vidoleni. Alikuwa amebangua korosho zingali za moto. Tulipomwuliza kama hakuumia, alijibu, "Sikusikia kitu, Mwalimu." Ndipo tulipomwandikia barua ya kwenda zahanati.

Vijidudu vya ukoma viligunduliwa mwaka 1873 na daktari wa Norway, Gerhard Hansen. Ni vivivu mno. Vijidudu vingine vingi hujigawa upesi zaidi, lakini hivi huchukua karibu wiki mbili kujigawa mara moja. Kwa sababu hiyo dalili huchelewa: kwa kawaida miaka mitano hivi tangu kuambukizwa, na kwa wengine hata miaka 20. Huenea kwa hewa, kwa matone madogo yatokayo puani na kinywani mwa mgonjwa asiyetibiwa, tena kwa watu wanaokaa naye karibu kwa muda mrefu. Haviambukizwi kwa kupeana mikono, wala kwa kula sahani moja, wala si urithi wa ukoo. Wengi wetu miili yetu huvishinda bila sisi kujua.

Vijidudu hivyo hupenda ngozi na mishipa ya fahamu. Tazameni baka lililofifia au lenye wekundu kama shaba, kavu, lisilotoa jasho, lisilowasha. Wengine hawana baka bali vinundu usoni na masikioni, au nyusi hunyonyoka.

Kupima baka si kazi ngumu. Sokota pamba iwe na ncha. Mguse mtu mahali pazima huku akitazama, apate kuelewa. Kisha afumbe macho, nawe umguse hapa na pale, juu ya baka na nje yake, naye aonyeshe kwa kidole alipoguswa. Asipojua kwamba umegusa baka, mpelekeni zahanati kesho, msingoje mwisho wa mwezi. Hata akisikia pamba, baka linalokaa muda mrefu bila kupona lapaswa kuonyeshwa kwa mganga, maana baadhi ya mabaka ya ukoma hayana ganzi.

Watu husema ukoma hula vidole. Sivyo. Mshipa wa fahamu ukiharibika, mkono hausikii moto wala mwiba. Mtu huungua, hujikata, hukanyaga msumari, kisha huendelea na kazi zake. Kidonda huoza, mfupa huliwa na usaha, na kidole hufupika. Mshipa huohuo ukilegeza misuli, kidole cha mwisho na cha pete hujikunja. Mvulana wetu alikuwa na hayo yote mawili, nasi tuliita uvivu.

Dawa ipo, ni mchanganyiko wa vidonge vya aina tatu, na tangu 1995 hutolewa bure. Hunywewa miezi 6 au 12, kwa kadiri ya ugonjwa. Mkojo ukiwa mwekundu au ngozi ikiwa nyeusi zaidi, msishtuke, ni dawa. Siku chache baada ya kuanza, mgonjwa haambukizi tena. Lakini mabaka yakivimba ghafula, au mshipa wa kiwiko ukauma, hata kama dawa imekwisha, arudi zahanati upesi bila kuacha vidonge vyake. Hapo ndipo wengi hupoteza mikono, nao wangeweza kusaidiwa.

Mvulana yule alipona, ila vidole viwili vilibaki vimejikunja. Mtumishi wa zahanati aliwaita watu wote wa nyumbani mwake wapimwe, akaona baka dogo mgongoni mwa dada yake. Dada huyo leo ni fundi cherehani, na mikono yake haina alama yoyote.

Tumeulizwa na mama mmoja baada ya ibada kama Kikombe cha Ushirika Mtakatifu chaweza kuambukiza ukoma. Tumemjibu kwamba anayekunywa dawa zake hana cha kuwaambukiza wenzake, na asiyetibiwa haambukizi kwa kugusa kikombe mara moja kwa wiki. Akatuuliza pia juu ya Mambo ya Walawi. Sura ya 13 na ya 14 zinataja ukoma wa nguo na wa kuta za nyumba, na vijidudu vya Hansen haviugui katika nguo wala ukuta. Basi neno lile la kale lilikusanya magonjwa na madoa mengi, wala si vema kumpima jirani kwa sura hizo.