Somo la Afya: Chumvi ya Jikoni na Homoni ya Shingoni

Ndugu mwananchi, ukipita gulioni katika kata zetu za milimani utakuta chumvi ya namna mbili. Moja imefungwa katika pakiti yenye maandishi yanayoeleza kuwa ina madini joto. Nyingine ni chumvi ya mawe, imemwagwa juu ya turubai au imejazwa ndani ya beseni, nayo hupimwa kwa kopo. Hiyo ya pili ni ya bei nafuu, na wapo wanaoisifu kuwa ni kali zaidi, hivyo haiishi upesi. Somo la toleo hili linahusu tofauti iliyopo baina ya chumvi hizo mbili, tofauti ambayo ulimi hauwezi kuionja. Ili kuifahamu, hatuna budi kuanzia shingoni mwa binadamu.

Chini kidogo ya kikoromeo ipo tezi yenye umbo la kipepeo, iitwayo thairoidi. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20 tu. Kazi yake ni kutengeneza homoni, yaani kemikali ambayo tezi huitia katika damu ili ikatende kazi katika viungo vilivyo mbali. Homoni ni kama barua ya mwito itokayo kwa mtendaji wa kijiji: barua yenyewe haichimbi mtaro, lakini ikifika, watu hutoka na majembe. Mwili una homoni nyingi. Insulini, itokayo katika kongosho, huruhusu sukari iingie katika seli; adrenalini hututayarisha kupambana au kukimbia tunaposhtuka. Homoni kuu ya thairoidi huitwa thairoksini, na barua yake hupelekwa karibu kila mahali: kwenye moyo, misuli, utumbo, ngozi na ubongo. Ndiyo inayopanga mwendo wa mwili mzima, uwe wa haraka au wa polepole.

Thairoksini haijengwi bila ayodini, ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa jina la madini joto. Kila molekuli ya homoni hiyo hubeba atomu nne za madini hayo, na mwili hauwezi kuyatengeneza wenyewe. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mama mjamzito na anayenyonyesha, mikrogramu 250. Ni kiasi kidogo cha kushangaza. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70 hupati hata gramu 4, ambazo hazijazi kijiko cha chai. Lakini mwili hauwezi kuweka akiba ya maisha yote. Ni lazima upate chake siku baada ya siku.

Yakikosekana, hutokea jambo ambalo wazee wetu waliliona kwa macho bila kuelezwa sababu yake. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Hii ndiyo msimamizi. Ikihisi kuwa thairoksini imepungua katika damu, hutoa homoni yake kuiamuru thairoidi iongeze kazi. Thairoidi hutii; seli zake hukua na kuongezeka ili kunasa kila chembe ya madini joto ipitayo. Ikiwa madini hayaji, amri huendelea, na tezi huendelea kuvimba. Huo uvimbe ndio rovu, au goita. Kwa hiyo mama anayeficha shingo yake kwa kanga hakurogwa, wala hakurithi laana ya ukoo. Ana tezi iliyofanya kazi kupita kiasi kwa kukosa malighafi, kama fundi aliyeitwa kujenga akakuta hakuna saruji. Inasikitisha kwamba baadhi ya watu hupoteza miaka na fedha kwa waganga kabla ya kufika zahanati.

Hata hivyo rovu si madhara makubwa kuliko yote. Ni yale tu yanayoonekana. Madhara mazito zaidi huanza tumboni mwa mama. Katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, thairoidi ya mtoto bado haijaanza kazi, na ubongo wake unaoundwa hutegemea thairoksini ya mama peke yake. Mama akipungukiwa sana, mimba inaweza kuharibika, au mtoto akazaliwa akiwa na udumavu wa akili, uziwi au viungo dhaifu. Hata upungufu usio mkubwa unaweza kumpunguzia mtoto uwezo wa kujifunza, na hapo nyumbani wataona tu mtoto mzito darasani, wamwite mvivu. Madhara ya ubongo yaliyotokea tumboni hayarudi nyuma kwa dawa. Ndiyo maana chumvi sahihi inatakiwa iwe jikoni kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Huenda ukauliza kwa nini milimani. Mvua ya maelfu ya miaka imeosha madini joto kutoka katika udongo wa miinuko na kuyapeleka baharini. Samaki na mwani wa bahari wanayo kwa wingi. Mahindi, viazi na maharage ya udongo uliooshwa huwa na kidogo mno, hata yakistawi vipi. Uswisi, nchi ya milima mirefu, ilianza kutia ayodini katika chumvi mwaka 1922, na Marekani ikafuata mwaka 1924. Nchini kwetu, wilaya zilizoathirika zaidi ziligawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na tangu miaka ya 1990 sheria inataka chumvi ya kuliwa iwe imetiwa madini hayo.

Chumvi ilichaguliwa kwa kuwa kila nyumba huitumia, tajiri kwa maskini. Kilo moja ikiwa na miligramu 30 za madini joto, gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, hutoa mikrogramu 150 zinazotakiwa. Kijiko hicho ndicho kikomo cha siku kwa mtu mzima, kwa chakula chote. Kuongeza chumvi kwa kutafuta madini joto ni kuukaribisha ugonjwa wa shinikizo la damu. Ihifadhi katika chombo kikavu chenye mfuniko, mbali na moshi na jua, na uitie chakula kinapokaribia kuiva, kwa kuwa unyevu na moto mrefu hupunguza madini hayo. Wanaotegemea muhogo mchungu wauloweke na kuukausha vizuri: sumu yake, hata isipoua, huizuia thairoidi kunasa madini joto.

Si kila tatizo la thairoidi hutokana na chumvi. Fika kituo cha afya ukiona uchovu usioisha, kuhisi baridi wenzako wakihisi joto, choo kigumu, ngozi kavu na kunenepa bila sababu. Hizo zinaweza kuwa dalili za homoni pungufu. Kukonda ilhali unakula vizuri, moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka na macho kutokeza huweza kuashiria homoni iliyozidi. Uvimbe mgumu, unaokua upesi au unaobadilisha sauti usisubiri hata wiki. Kipimo cha damu hutolewa katika hospitali kubwa, na mganga wa zahanati ndiye atakayekupa rufaa. Mwenye rovu la siku nyingi asitarajie kuwa chumvi italiondoa. Wengine huhitaji dawa, na wachache upasuaji.

Wenye maduka ya rejareja wanakumbushwa kukagua magunia kabla ya kununua. Mwananchi mwenye shaka afunge kijiko kimoja cha chumvi yake katika karatasi na kumwuliza muuguzi wa kliniki ya wajawazito, au Afisa Lishe, kuhusu kipimo. Tone moja la dawa huwekwa juu ya chumvi: ikigeuka rangi ya buluu au zambarau, madini joto yamo, ikibaki nyeupe, hayamo.