Kusafisha Mazulia na Viti vya Matakia kwa Vitu vya Nyumbani

Zulia ni chombo cha fahari, na aghalabu ndicho kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo chumbani. Mtu huweka akiba muda mrefu ili alinunue, kisha huliharibu kwa mikono yake mwenyewe siku moja tu, akidhani kuwa analisafisha. Hulimwagia maji ya moto, hutia magadi, hulisugua kwa brashi ngumu, na jioni hulikunja lingali na maji. Baada ya siku chache zulia lanuka, limevutika upande mmoja, na rangi nyekundu imeingia katika nyeupe. Kuiepuka hasara hiyo hakutaki fedha nyingi. Kwataka kujua mambo machache juu ya uchafu na juu ya nyuzi.

Sehemu kubwa ya uchafu wa zulia si madoa, bali ni vumbi na mchanga mkavu. Punje za mchanga zina makali, na kila mguu ukanyagapo hukata nyuzi penye shina. Tena ukitia maji kabla ya kuutoa mchanga, umefanya tope, na tope likizama ndani ni vigumu kulitoa. Kwa hiyo maji ni kazi ya mwisho. Litoe zulia nje, ulitundike juu ya boriti au kamba nene, ulipige mgongoni kwa fimbo pana mpaka vumbi liishe, ndipo ulifagie usoni. Ukianza kulipiga usoni wazidi kulisukuma vumbi ndani. Lakini mazulia ya kiwandani ambayo mgongo wake umeshikwa kwa gundi yasipigwe kwa nguvu, maana gundi hupasuka. Hayo yakung'utwe na kufagiwa tu.

Zamani, kabla ya kuwapo mashine za kuvuta vumbi, watumishi wa nyumba za Uingereza walikuwa wakitawanya juu ya zulia majani ya chai yaliyokwisha tumika, yangali na unyevu kidogo, kisha wakafagia. Vumbi hushikamana na majani badala ya kuruka. Shauri hili lafaa hata leo, ila si kwa zulia jeupe, kwani chai hutia rangi.

Viti vya matakia navyo vina vumbi jingi kuliko vinavyoonekana. Mwaka 1901 Mwingereza mmoja, Hubert Cecil Booth, alitaka kujua kama vumbi laweza kuvutwa kwa pumzi. Akaweka kitambaa juu ya kiti cha matakia, akatia kinywa chake pale, akavuta kwa nguvu. Alikohoa sana, lakini kitambaa kilionyesha alama ya vumbi, na kutoka hapo akatengeneza mashine yake. Sisi hatuna haja ya kutia kinywa. Twaa shuka kuukuu, uiloweshe, uikamue sana, uitandike juu ya takia, kisha upige juu yake kwa kiganja. Vumbi lote liinukalo hunaswa na shuka. Mwalimu akilifanya jambo hili mbele ya wanafunzi kwa kiti kinachodhaniwa kuwa safi, hatahitaji maneno mengi. Na vumbi hilo si uchafu mtupu. Ndani yake hukaa wadudu wasioonekana kwa macho, walao vipande vya ngozi vitokavyo miilini mwetu, na kinyesi chao huwaamshia pumu watu wengi, hasa watoto.

Sasa juu ya nyuzi. Kabla ya kutumia dawa yo yote, yakupasa kujua zulia lako limefumwa kwa nini. Chomoa uzi mmoja upande usioonekana, uushike kwa kibano juu ya sahani, uuwashe kwa kiberiti. Ukinuka kama nywele ziunguazo, na majivu yake yakapondeka vidoleni, ni sufu ya kondoo. Ukinuka kama karatasi, ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha tone gumu, ni uzi wa kiwandani, kama nailoni. Sufu ni kama nywele zetu: magadi makali huila, maji ya moto na kusuguliwa huifanya ijikunje na kushikamana, na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe huifanya iwe manjano na kukatika. Kwa hiyo pia majivu ya jikoni, ambayo watu huyasifu kwa kusugulia masufuria, yasiguse zulia la sufu.

Dawa ya kawaida ni hii: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji katika vikombe viwili vya maji yasiyo moto. Ijaribu kwanza pembeni kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikitoka na rangi ya zulia, acha. Doa lisisuguliwe. Ligandamize kwa kitambaa, ukianza ukingoni kwenda katikati, ili lisienee, kisha ligandamize tena kwa maji matupu, maana sabuni ikibaki hukamata uchafu mpya upesi.

Damu na maziwa yataka maji baridi tu; maji ya moto huyagandisha kama yai sufuriani. Mafuta yafunike kwa unga mkavu wa mahindi, uuache saa kadhaa, kisha uufagie na kurudia. Nta ya mshumaa ifunike kwa karatasi, upitishe pasi ya joto kidogo, nayo karatasi itainywa. Doa la chai, au mkojo wa mtoto, likaushe kwanza kwa kitambaa, kisha tia siki sehemu moja katika maji sehemu tatu. Likiisha kukauka, nyunyiza unga wa bikaboneti, ile soda ya mapishi, iache usiku kucha, asubuhi uifagie, huondoa harufu.

Wengi huchanganya siki na soda hiyo pamoja, wakafurahia mapovu. Mapovu hayo ni hewa tu. Siki ni kali na soda ni kinyume chake. Zikikutana huvunjana nguvu, na kinachobaki karibu chote ni maji yenye chumvi. Tumia moja, kisha nyingine kwa wakati wake.

Huko hupotea siki tu. Lakini kuna mchanganyiko mwingine upotezao roho. Dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki, wala ndimu, wala amonia. Ikikutana na siki au ndimu hutoa hewa ya klorini, ile ile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliifungulia karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawaua askari wengi mahandakini. Ikikutana na amonia hutoa hewa nyingine ya sumu. Mtu akikohoa na macho yakimwasha, atoke nje mara moja na kuacha milango wazi. Wala petroli isitumiwe kuondolea mafuta kitini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni hata ukafika kwenye jiko la chumba cha pili.

Limebaki jambo la kukausha, na hapa ndipo wengi hushindwa. Chagua siku ya jua na upepo, anza kazi asubuhi, wala usiifanye wakati wa masika. Zulia litundikwe au liinuliwe juu ya vigingi ili hewa ipite chini yake. Uso wake usikae juani kutwa, maana rangi hufifia. Matakia yaliyojazwa sufi ya msufi au usumba yasiloweshwe hata kidogo: vua foronya uzifue, na vilivyo ndani uvianike tu, ukivigeuza. Kwa viti vya baraza ambavyo kitambaa chake kimepigiliwa misumari, tumia povu la sabuni peke yake, ukilichota juu ya maji kwa kitambaa, na kiti kisikaliwe mpaka kesho yake. Kabla ya kulirudisha zulia chumbani, weka kiganja mgongoni mwake, si usoni; pakiwa baridi kuliko mkono wako, bado lina maji.