Mboga Mlangoni: Kijitabu cha Afya kwa Kaya za Dar es Salaam

Chakula cha kushibisha hakikosekani Dar es Salaam. Asubuhi kuna chapati na maharage, jioni chipsi mayai, usiku ugali. Kinachokosekana kwenye sahani nyingi ni mboga na matunda. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mwenye umri wa miaka 10 na kuendelea ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Kwa kipimo cha jikoni hizo ni sehemu tano, na sehemu moja ya mboga iliyopikwa ni kama vijiko vitatu au vinne vya mezani vilivyojaa. Sasa chukua fungu moja la mchicha wa gengeni. Likiingia sufuriani linanywea, na likigawanywa kwa watu sita kila mmoja anapata kidogo cha kutowelea tu.

Upungufu huo unaonekana kwenye damu. Utafiti wa kitaifa wa hali ya afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu, na kwa watoto wa chini ya miaka mitano ilikuwa asilimia 58. Malaria na minyoo vimo katika vyanzo vyake. Chanzo kingine kikubwa ni mlo wenye uhaba wa madini ya chuma, na hicho kaya inaweza kuanza kukipunguza yenyewe.

Kulima mjini si jambo geni kwetu. Wakati wa njaa ya miaka ya 1974 na 1975 taifa liliitwa kwenye Kilimo cha Kufa na Kupona, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ikapita redioni na kwenye vikundi vya kujifunza. Tangu hapo mchicha na matembele ya mabondeni vimelisha jiji hili. Tunachotaka kueleza hapa ni namna ya kulima karibu na jiko bila kuugua kwa kile ulichokilima.

Udongo na maji kabla ya mbegu

Watu wengi huanza kwa kutafuta mbegu. Sisi tunasema anza kwa kuuliza: mahali hapa palikuwa na nini zamani? Kama palikuwa na gereji, mahali pa kuchaji au kuvunja betri, kiwanda, dampo, au ukuta wa zamani unaobanduka rangi, usipande mboga kwenye udongo huo. Sumu inayotutia hofu zaidi ni madini ya risasi. Petroli yenye risasi iliachwa katika nchi zetu kufikia mwaka 2006, lakini risasi haiozi wala haiyeyuki ikaisha. Iliyotua kando ya barabara kuu miaka ile bado imo ardhini. Inadhuru ubongo wa mtoto anayekua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Kuosha mboga kunatoa vumbi la juu, lakini risasi iliyokwisha kuingia ndani ya jani haitoki kwa maji wala kwa moto.

Mto nao uangaliwe. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mboga zilizolimwa kando ya mito Sinza na Msimbazi, na ndani ya majani walikuta metali nzito, zikiwemo risasi na kadimiamu. Hatulisemi hili ili kuwanyima riziki wakulima wa mabondeni, ambao kazi yao ni ngumu na jiji linawategemea. Tunalisema kwa sababu maji taka ya viwanda na vyoo hayakumwagwa na mkulima, ilhali anayelaumiwa kila mara ni yeye. Bonde safi ni haki yake na ya mlaji wake. Lakini hadi mito isafishwe, maji ya mito hiyo yasimwagiliwe kwenye mboga za majani.

Maji ya bomba na ya mvua ndiyo bora. Visima vingi vya Pwani vina chumvi. Ukiona ncha za majani zinaungua na juu ya udongo kuna ukoko mweupe, changanya na maji ya mvua au acha kabisa. Maji uliyooshea mchele au mboga yanafaa sana, kwa hiyo usiyamwage. Maji ya kufulia yenye sabuni ya unga hayafai.

Kama una wasiwasi na udongo wa eneo lenu, panda kwenye gunia au ndoo kwa udongo ulioletwa kutoka mahali safi. Pale ambapo hakuna njia ila kupanda ardhini kwenye udongo wenye shaka, bamia, nyanya na biringanya ni afadhali kuliko majani na mizizi, kwa kuwa tunda halikusanyi risasi nyingi kama jani. Kikundi chenye eneo kubwa kinaweza kumwomba afisa ugani wa kata awasaidie kupeleka sampuli ya udongo kwenye maabara, kwa mfano ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro.

Gunia la mpangaji

Mpangaji hana shamba, na mwenye nyumba anaweza kumhamisha wakati wowote. Gunia linafaa hapo kwa sababu halihitaji ruhusa ya kuchimba, na siku ya kuhama mnaondoka nalo. Wakazi wa Kibera, Nairobi, wamekula sukuma wiki ya magunia kwa miaka mingi, mahali ambapo kati ya nyumba na nyumba hapapiti hata mkokoteni.

Tafuta gunia au kiroba kikubwa kilichobeba mchele, sukari au unga. Cha mbolea ya viwandani au cha dawa usikiguse, wala ndoo ya rangi. Changanya udongo sehemu mbili na mboji au samadi iliyoiva sehemu moja. Chukua kopo kubwa lililotobolewa pande zote mbili, lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze kokoto, kisha mwaga udongo kulizunguka. Vuta kopo juu taratibu, kokoto zibaki, uweke tena, ujaze tena, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya kokoto ndiyo inayopeleka maji hadi chini. Ukiiacha, mimea ya juu itaoza kwa maji na ya chini itakauka.

Toboa matundu madogo ubavuni, shubiri moja kutoka tundu hadi tundu, bila kuyapanga kwenye mstari mmoja. Humo ingiza miche ya sukuma wiki au chainizi, au vipande vya mashina ya tembele. Juu mwaga mchicha. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu hadi nne, tembele baada ya mwezi mmoja au mmoja na nusu. Chuma majani ya chini, acha ncha ya juu iendelee kukua.

Gunia moja halitoshi familia, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Magunia manne yaliyopandwa kwa kupishana wiki mbili mbili yanaweza kuwapa mboga mara kadhaa kwa wiki, na fedha iliyobaki ikanunua matunda, dagaa au mayai. Hilo ndilo lengo letu: kujaza pengo lililo kwenye sahani. Soko libaki na kazi yake.

Mkiwa na kipande cha ardhi safi, pandeni viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa. Vina vitamini A kwa wingi, ambayo viazi vyeupe karibu havina, na majani yake ni mboga. Kazi ya kuvieneza Afrika iliheshimiwa kwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na mmoja wa waliotuzwa ni Mganda, Robert Mwanga. Msisahau mnavu, mgagani na majani ya kunde. Mboga hizi za wazee wetu zinahimili joto na ukame kuliko kabichi, na kwa lishe zinaishinda.

Samadi, dawa na mbu

Samadi mbichi ina vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo. Irundike, ifunike, igeuze mara kwa mara kwa miezi mitatu au zaidi, hadi ikose harufu kali na joto na ivunjike mkononi. Kinyesi cha binadamu kisitumike kabisa kwenye mboga.

Kwa vidukari na viwavi, anza na mkono na maji ya sabuni ya mche. Majani ya mwarobaini yaliyotwangwa na kulowekwa usiku kucha, yakachujwa na kunyunyizwa jioni, yanasaidia pia. Ukilazimika kununua dawa ya dukani, nunua iliyo kwenye chupa yake yenye maelezo. Inayopimwa kwenye chupa ya soda usiinunue: watoto wamekufa kwa kunywa dawa iliyohifadhiwa hivyo. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Zihesabu bila kupunguza hata moja, na mwambie kila mtu nyumbani.

Bustani inayotunza maji bila mfuniko inafuga mbu. Dar es Salaam iliugua homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake, anayeuma mchana, hutaga kwenye maji yaliyotulia ndani ya ndoo, tairi na visahani vya maua. Kutoka yai hadi mbu mzima ni kama siku saba hadi kumi. Funika mapipa, na kila wiki mwaga na kusugua kila chombo kisicho na mfuniko.

Jikoni

Osha mikono kwa sabuni. Osha mboga zikiwa nzima kwa maji safi yanayotiririka, ndipo ukate. Ukikata kwanza, vitamini zinatoka na maji. Pika muda mfupi, na maji ya mboga yasimwagwe. Magadi hufanya mlenda ulainike haraka, lakini huharibu baadhi ya vitamini, kwa hiyo tunashauri myaache. Kisamvu kina kanuni yake: kitwangwe vizuri na kichemshwe sana sufuria ikiwa wazi, maana kibichi kina sumu ya sianidi inayotoka kwa mvuke.

Vitamini A inahitaji mafuta ili mwili uipokee, na bibi zetu walilijua hilo kwa tui la nazi na karanga. Madini ya chuma ya mboga yanapokelewa vizuri zaidi yakiliwa na chungwa, embe, nyanya au ndimu. Chai ya rangi huzuia madini hayo, kwa hiyo inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Mtoto anayenyonya wa chini ya miezi sita hahitaji mboga wala maji. Akitimiza miezi sita, pondeni majani laini yaliyopikwa mchanganye kwenye uji au viazi vyake. Mgonjwa wa figo, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone mhudumu wa afya kabla ya kuongeza mboga za majani kwa wingi.

Nguvu ya mtaa

Kaya moja huchoka. Kaya kumi zinaweza kuchangia tangi la maji ya mvua kabla ya masika, kupeana zamu za kumwagilia mtu anaposafiri, na kubadilishana mbegu. Andikeni makubaliano mapema: nani anachuma siku gani, na mgonjwa na mjamzito wa mtaa wanapata fungu lao vipi. Vikundi vingi huvunjika kwa ugomvi wa mavuno, si kwa wadudu.

Shule yenye uwanja na zahanati yenye uzio ni mahali pazuri pa bustani ya pamoja, na serikali ya mtaa ndiyo mlango wa kuomba eneo. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Kikundi cha bustani kilichosajiliwa cha mojawapo ya makundi hayo kina haki ya kuomba.

Kwenye mkutano ujao wa mtaa, simama uulize mambo mawili: ni eneo gani linaweza kutengwa kwa bustani, na ni nani anayemwaga maji machafu mtoni kwetu. Muombe mwenyekiti ayaandike yote mawili kwenye muhtasari, na mkutano unaofuata uulize yamefikia wapi.