Mnatafuta Mkate Gani?

Somo kwa wakatekumeni: Injili ya Yohane, sura ya 6



Siku mtakapopokelewa mlangoni pa kanisa, Padri atawauliza mnaomba nini kwa Kanisa la Mungu. Mtajibu kwamba mnaomba imani. Atawauliza tena imani hiyo itawapatia nini. Mtajibu kwamba itawapatia uzima wa milele. Liangalieni vema jibu hilo. Halina neno la kazi, wala la fedha, wala la nguo, wala la dawa. Katekista atawafundisha kulitamka, na ulimi utalijua upesi. Lakini Mungu husikiliza moyo. Basi leo kila mmoja ajiulize moyo wake unajibu nini.

1. Watu walioshiba, kisha wakaondoka

Watu wengi walimfuata Bwana wetu Yezu Kristu ng'ambo ya ziwa la Galilaya, nao hawakuwa na chakula. Mtoto mmoja alikuwa na mikate 5 ya shayiri na samaki 2. Yezu akaitwaa mikate, akamshukuru Mungu, akawagawia, na samaki vivyo hivyo. Wanaume peke yao walikuwa kama 5,000. Wote wakala wakashiba, na vipande vilivyobaki vikajaza vikapu 12.

Ndipo watu wakataka kumshika ili wamfanye mfalme. Mfalme alishaye watu bure, nani asimtake? Lakini Yezu akajitenga nao, akaenda mlimani peke yake. Kesho yake wakapanda mitumbwi, wakamtafuta hata Kafarnaumu. Yezu hakuwasifu kwa bidii yao. Aliwaambia waziwazi kwamba walimtafuta kwa sababu walikula wakashiba, si kwa sababu walifahamu ishara zake. Akawaonya wasikihangaikie chakula kiharibikacho, bali kile kidumucho hata uzima wa milele. Naye mwenyewe ndiye Mkate huo ulioshuka kutoka mbinguni.

Waliposikia kwamba atawapa Mwili wake kuwa chakula, waliona neno hilo ni gumu. Wengi wakarudi nyuma, wasiandamane naye tena. Yezu hakuwabembeleza kwa mikate mingine. Akawageukia wale Kumi na Wawili, akawauliza kama wao pia wanataka kwenda zao. Petro akajibu kwamba hawana mwingine wa kumwendea, kwa maana maneno ya uzima wa milele yako kwake.

Fikirini: Petro naye alikula mkate ule ule jana yake. Tofauti i wapi? Wale walipenda mkate. Petro alimpenda Yeye aliyeutoa.

2. Mungu haudharau mwili

Labda mmoja wenu atauliza: je, ni dhambi kuomba mvua, au kuomba mtoto wangu apone? Sivyo. Yezu aliwaonea huruma wenye njaa, akawalisha. Katika sala ya Baba Yetu ametufundisha kuomba mkate wa kila siku. Lakini utazameni utaratibu wa sala hiyo. Kwanza twaomba jina la Mungu litukuzwe, ufalme wake ufike, mapenzi yake yafanyike. Baadaye ndipo twaomba mkate. Baba hutangulia, zawadi zake hufuata.

Tena ninyi wakulima mwajua mambo ya chakula. Muhogo mliouchimba leo mtaula leo, na kesho njaa itarudi. Mana waliyookota Waisraeli jangwani, walioiweka hata asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Mali yote ya dunia ni hivyo. Ni njema kwa siku yake, lakini haiwezi kulisha roho wala kumvusha mtu katika kifo.

Kwa hiyo jihadharini na kila asemaye kwamba mtu akibatizwa, au akitoa sadaka nyingi, lazima atatajirika. Aliyeamini neno hilo, siku mavuno yatakapokosa atasema Mungu amemdanganya. Kumbe aliyemdanganya ni mtu. Naye huyo, mtoto wake akiugua, atakwenda usiku kwa mwaguzi kutafuta hirizi, kwa sababu tangu mwanzo hakumtafuta Mungu. Alitafuta msaada tu, wa mtu yeyote awezaye kuutoa.

3. Kijana wa Goma

Katika nchi yetu ya Kongo, Mungu ametupa shahidi wa jambo hili. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981. Alikuwa Mkristu mkatoliki, mwana wa Jumuiya ya Sant'Egidio, akiwasaidia watoto wasio na makao. Alipata kazi katika ofisi ya serikali ikaguayo bidhaa ziingiazo nchini. Watu wakamletea fedha ili apitishe vyakula vilivyoharibika, ambavyo vingewadhuru walaji. Floribert akakataa. Mwezi wa Julai 2007 akatekwa, akateswa, akauawa, naye alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa Mwenye Heri.

Kazi ilikuwa njema, na mshahara ni haki ya mfanyakazi. Lakini ilipofika saa ya kuchagua kati ya fedha ya dhambi na Kristu, alijua tangu zamani anamtafuta nani. Saa kama hiyo haimfundishi mtu kuamini. Hufunua tu kile kilichokuwamo moyoni mwake.

4. Jipimeni

Tusingoje saa kubwa. Tujipime katika mambo madogo:

Ulipoomba jambo usilipate, je, uliendelea kusali?

Mavuno yalipokuwa mengi, je, uliikumbuka siku ya Bwana, au soko lilikushinda?

Jirani alipokosea hesabu akakuzidishia fedha, je, ulimrudishia?

Ukiona umeshindwa, usikate tamaa. Hata wale Kumi na Wawili walifundishwa polepole. Mwambie Mungu kweli yote, naye atausafisha moyo wako kabla ya maji ya Ubatizo.

Maulizo na majibu

Kwa nini watu walimtafuta Yezu hata Kafarnaumu?
Kwa sababu walikula mikate wakashiba.

Mkate udumuo ni nani?
Ni Yezu Kristu mwenyewe, ambaye tutampokea katika Komunyo Takatifu.

Je, twaweza kuomba mambo ya mwili?
Ndiyo, lakini baada ya kuutafuta kwanza ufalme wa Mungu, na kwa kuyakubali mapenzi yake.

Ni lini tunajua kwamba twamtafuta Mungu mwenyewe?
Ni siku tunapokosa tulichoomba, nasi tunabaki pamoja naye.

Azimio

Juma hili, kabla ya kumwomba Mungu kitu chochote, nitamwabudu kwanza na kumshukuru.

Tusali

Ee Yezu, twajua kuwa tuna njaa, wala hatukufichi. Utupe riziki ya leo. Lakini usipotupa tulichoomba, usituache twende zetu. Utubakize kwako, mpaka siku tutakapokaribia meza yako takatifu. Amina.